Ukurasa Nao Utaje Lugha Yake

Mwaka jana mwalimu mmoja wa Kaloleni alinialika nikautazame ukurasa wa wavuti uliotungwa na wanafunzi wake kwa Kiswahili kuhusu mnazi: kugema, kusuka makuti na kukausha mbata. Lugha ilikuwa safi na picha zilipendeza. Kisha mwanafunzi mmoja asiyeona akaufungua kwa programu ya kusoma kwa sauti. Masikini! Kiswahili kile kilitamkwa Kiingereza, na neno ng'ombe likawa mnyama ambaye hakuna mchungaji wa Kaloleni angemtambua.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Vijana walikuwa wamenakili kiolezo ambacho juu yake kiliandikwa lang="en", yaani lugha ya ukurasa ni Kiingereza. Tulipoziondoa herufi hizo mbili tukaweka "sw", mashine ikasoma Kiswahili. Kanuni ya kutaja lugha imo katika HTML tangu toleo la 4.0 la Desemba 1997, nayo inaeleweka vivyo hivyo Kaloleni, Muscat na London. Hiyo ndiyo faida ya usanifu.

Hata hivyo, hakuna masika yasiyo na mbu. Mwalimu wa Kiingereza nchini Kenya humsahihisha mtoto aandike "colour". Akiingia kwenye somo la kompyuta, mtoto huyo huyo hulazimika kuandika "color". Akikosea, kivinjari hakimkemei. Hupuuza tu agizo lake, naye akabaki akijiuliza rangi imekwenda wapi. Tena Kigiriama, lugha ya mama ya wengi hapa, kimepewa alama yake, "nyf". Lakini alama si sauti: kuitaja lugha hakuipi mashine uwezo wa kuitamka.

Adha hizi si ngeni kwetu. Huko Rabai, majirani wa Kaloleni, Krapf na Rebmann walianzisha kituo chao mwaka 1846. Krapf aliandika "Suahili". Steere wa Unguja akaandika "Swahili". Kila mwandishi alikuwa na kanuni yake, hadi mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, na kamati ya lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Wamvita walipoteza kitu. Wao hutamka paa, yule mnyama, kwa mpumuo, na paa la nyumba bila mpumuo. Tahajia sanifu huyaandika yote mawili sawasawa. Manung'uniko yao yana haki. Lakini ni kwa sababu ya usanifu huo kwamba kitabu kilichopigwa chapa Dar es Salaam husomwa Kaloleni bila mkalimani.

Naam, usanifu humsumbua mwandishi ili umpunguzie taabu msomaji aliye mbali, ambaye pengine hatamwona kamwe. Anayeuona kuwa urasimu mtupu hajawahi kuwa msomaji huyo. Yule kijana wa Kaloleni amekuwa.

Walimu wenzangu, tunapousahihisha ukurasa wa mwanafunzi, aghalabu twatazama rangi na picha. Tuanze na swali moja: je, ukurasa huu umetaja lugha yake? Nanyi wanafunzi, msilisubiri swali hilo. Ni herufi mbili tu, lakini kwa mwenzenu asiyeona ndizo mlango wa ukurasa wenyewe.