Uchovu wa Shaba: Kebo Zisizotulia kwenye Kreni za Bandari

Kreni zinazopakua makontena melini, kama zile za magati ya Mombasa na Dar es Salaam, hutembea juu ya reli huku toroli la juu likienda na kurudi kati ya meli na nchi kavu, na katika mienendo yote hiyo umeme hauna budi kufika bila kukatika. Kebo inayofanya kazi hiyo haifanani na ile iliyofukiwa ukutani, kwa kuwa hukunjwa na kukunjuliwa usiku na mchana, na mikunjo yake huhesabika kwa malaki. Mara nyingi haifi kwa kuzidiwa na umeme, bali kwa uchovu wa metali, yaani kuvunjika kwa shaba iliyopindwa tena na tena kwa nguvu ambayo, kama ingetumika mara moja tu, isingeidhuru.

Kebo inapopinda, upande wa nje hurefushwa na wa ndani hugandamizwa, kwa hiyo unene ndio adui wa kwanza. Nondo ya shaba yenye kipenyo cha milimita 20 ikipindwa kwenye duara lenye nusukipenyo cha milimita 200, uso wake wa nje hurefuka kwa asilimia 5, kiasi ambacho shaba haikivumilii mara nyingi; uzi wa milimita 0.2 kwenye pindo lilelile hurefuka kwa asilimia 0.05 tu. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha IEC 60228 huipanga shaba ya kebo kwa madaraja, la 1 likiwa uzi mmoja mnene na la 6 likiwa nyuzi nyembamba kupita zote.

Wembamba peke yake hautoshi. Nyuzi zikisokotwa, kila mmoja hupita upande wa nje na wa ndani kwa zamu, na kwa kuteleza kidogo sehemu inayovutwa huazima urefu kutoka sehemu iliyolegea. Kebo huishi kwa utelezi huo, na chochote kinachouzuia, hata kikiwekwa kwa nia ya kulinda, huifupishia maisha.

Mwaka 1953 Mjerumani Gilbert Waninger alibuni mnyororo wa kubebea kebo, ambao pingili zake hugotana zikifika pembe fulani, hivyo mnyororo wote hauwezi kupinda kupita nusukipenyo kilichopangwa. Pingili za kwanza zilikuwa za chuma; leo nyingi ni za plastiki. Ndani yake huachwa nafasi, kwa kawaida asilimia 10 hivi ya kipenyo cha kila kebo, na vigawanyo husimamishwa ili kebo moja isipande juu ya nyingine. Kebo hufungwa kwenye ncha mbili tu, ile isiyotembea na ile inayotembea. Fundi anayezibana katikati kwa kamba za plastiki, akidhani anaweka mambo sawa (na mnyororo uliofungwa hivyo kweli hupendeza macho), huzilazimisha kebo za vipenyo tofauti ziende kama kitu kimoja, na ile yenye njia ndefu zaidi kwenye pindo huvutwa hadi nyuzi zikatike.

Ubaya ni kwamba ganda la nje aghalabu hubaki zima. Nyuzi hukatika moja baada ya nyingine, ncha zake zikigusana toroli likiwa limesimama na kuachana likifika mahali fulani, hata kipimo kinachofanywa wakati wa matengenezo kionyeshe kwamba hakuna tatizo. Ganda likipasuliwa kwa kisu, shaba hukutwa imevunjika vipande vifupi vifupi, miisho yake mikavu, bila dalili ya kuvutika.

Kebo kuu inayoleta umeme kutoka gatini ina mashaka mengine. Hii huzungushwa kwenye rola kubwa ubavuni mwa kreni, na ikilala tabaka juu ya tabaka joto lake hukosa pa kutokea, kiasi kwamba kanuni za Kijerumani huagiza mkondo wake upunguzwe hadi asilimia 61 kwa tabaka mbili na 49 kwa tabaka tatu. Rola nyembamba, ambayo kila mzunguko hulala juu ya mwenzake katika safu moja, huchukua nafasi kubwa zaidi kwa urefu, lakini huacha pande zote mbili za kebo wazi kwa upepo.