Simu Inapotakiwa Kurudi: Betri Mbovu na Safari ya Taarifa Hadi Mkolani

Kampuni inapogundua kwamba bidhaa iliyokwisha kuiuza ina hitilafu inayoweza kumdhuru mtumiaji, hutarajiwa kuitangaza hitilafu hiyo, kusimamisha mauzo na kuwataka wenye bidhaa wairudishe ili watengenezewe, wabadilishiwe au warejeshewe fedha zao. Utaratibu huo, ambao katika makala haya utaitwa urejeshaji wa bidhaa, umejengwa juu ya dhana moja ambayo matangazo yenyewe huwa hayaitaji, nayo ni kwamba muuzaji anamjua mnunuzi. Katika kata ya Mkolani, iliyoko wilaya ya Nyamagana kusini mwa jiji la Mwanza kando ya barabara iendayo Shinyanga, dhana hiyo mara nyingi haina mashiko, kwa kuwa simu inaweza kumfikia mwenyewe ikiwa imetoka Dubai, ikapita Kariakoo, ikauzwa mjini Makoroboi bila risiti ya mashine, ikatumiwa mwaka mmoja na mtu mwingine, kisha ikauzwa tena kwa makubaliano ya mdomo. Mtengenezaji aliyeko Seoul au California akitaka kumwonya mwenye simu hiyo hana pa kumpatia.

Hatari yenyewe huanzia kwenye betri ya lithiamu inayochajiwa upya (lithiamu-ayoni), aina ambayo Sony iliiingiza sokoni mwaka 1991 na ambayo leo imo katika karibu kila simu. Ndani yake mna tabaka mbili nyembamba, moja chanya yenye mchanganyiko wa lithiamu na metali nyingine, na moja hasi ya grafiti, ambazo hukunjwa pamoja kama mkeka huku zikitenganishwa na utando wa plastiki mwembamba kuliko karatasi, na zote zimeloweshwa kimiminika kinachopitisha chembe za lithiamu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kimiminika hicho kinaweza kuwaka. Utando ukitoboka au ukibanwa hadi tabaka hizo mbili zikagusana, umeme hupita njia ya mkato, joto hupanda, na joto hilo huchochea mabadiliko ya kikemia yanayozalisha joto zaidi, hadi betri inafika mahali ambapo kuichomoa kwenye chaja hakusaidii tena, kwa sababu inajipasha yenyewe kwa nishati iliyokwisha kuhifadhiwa ndani yake. Wataalamu wa moto huihofia hali hiyo ya joto linalojizidisha kuliko mwali wenyewe, kwa sababu moshi wake hubeba gesi zenye sumu, ikiwemo floridi ya hidrojeni, na betri inayoonekana kuzimika inaweza kuwaka upya.

Kisa kinachotajwa zaidi duniani ni cha Samsung Galaxy Note 7, lakini kwa msomaji wa Kanda ya Ziwa kisa cha karibu zaidi kilitokea miaka 9 kabla yake. Tarehe 14 Agosti 2007 Nokia ilitoa tahadhari kuhusu betri za aina ya BL-5C zilizotengenezwa na kampuni ya Matsushita ya Japani kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006, ambazo zilikadiriwa kufikia milioni 46. Taarifa zipatazo 100 kutoka nchi mbalimbali zilieleza kwamba betri hizo zilipata moto kupita kiasi wakati wa kuchajiwa na kufyatuka kutoka kwenye simu, ingawa hapakuripotiwa majeraha makubwa. BL-5C haikuwa betri ya matajiri. Ilikuwamo ndani ya Nokia 1100, simu ya tochi iliyouzwa zaidi ya milioni 200 duniani, na ndani ya 1110, 1600 na nyingine za bei nafuu ambazo ndizo zilizoleta mawasiliano ya simu katika kaya nyingi za Afrika Mashariki.

Nokia ilimtaka kila mwenye betri hiyo aitoe, asome namba yenye tarakimu 26 iliyochapishwa nyuma yake, kisha aiingize kwenye tovuti ya kampuni ili aambiwe kama anastahili kupewa nyingine bure. Kwa mtu aliyeishi Helsinki maelekezo hayo yalikuwa mepesi. Kwa aliyeishi Mkolani yalidai mambo ambayo mwaka 2007 hayakuwa yakienda pamoja, kwa kuwa kebo ya kwanza ya intaneti kutoka baharini, ya SEACOM, ilifika Tanzania Julai 2009, na kabla ya hapo intaneti ilitegemea satelaiti, ikawa ghali na ya polepole. Isitoshe, betri ile ilikuwa rahisi kutoa, nayo haikubaki katika simu moja: ilichajiwa peke yake kwenye chaja ya kubana maarufu kwa jina la kobe, ikahamishiwa simu ya jirani, na baadaye ikaingia hata katika redio ndogo zilizotengenezwa mahsusi kwa umbo lake. Betri iliyotakiwa kurudishwa iliweza hivyo kumaliza umri wake ndani ya redio ya mvuvi wa dagaa, na hakuna rejesta yoyote iliyoweza kuonyesha kwamba imo humo.

Kisa cha Note 7 kina funzo la aina nyingine. Simu hiyo ilianza kuuzwa tarehe 19 Agosti 2016, na tarehe 2 Septemba Samsung ilitangaza kwamba ingebadilisha zote zilizokwisha kutoka, zipatazo milioni 2.5. Tanzania haikuwa miongoni mwa masoko ya mwanzo, lakini Falme za Kiarabu, zinakotoka simu nyingi za Kariakoo, zilikuwamo. Wateja walipewa simu mbadala zenye betri ya mtengenezaji mwingine, nazo pia zikaanza kuwaka; tarehe 5 Oktoba mojawapo ilitoa moshi ndani ya ndege ya shirika la Southwest iliyokuwa bado uwanjani Louisville, Marekani, na abiria wote wakateremshwa. Siku chache baadaye utengenezaji ulisimamishwa kabisa. Januari 2017 Samsung ilieleza kwamba wahandisi na watafiti wapatao 700 walijaribu simu 200,000 na betri 30,000, wakakuta makosa mawili yasiyohusiana: katika betri za kwanza pembe ya juu ilibanwa na tabaka hasi likapinda, na katika betri za pili mabaki makali ya uchomeleaji yalitoboa utando, tena baadhi hazikuwa na utepe wa kuhami. Inafaa kusisitiza kwamba watumiaji hawakuwa na kosa lolote, kwa sababu desturi ya kumlaumu mwenye simu, kwamba alilala nayo au alitumia chaja isiyo yake, huwa ndiyo maelezo ya kwanza kutolewa mtaani.

Kwa kuwa baadhi ya wateja waliipenda simu hiyo kiasi cha kukataa kuirudisha, Samsung ilituma mabadiliko ya programu yaliyozuia betri isijae zaidi ya asilimia 60, na baadaye nchini Marekani mengine yaliyoizuia isichaji kabisa. New Zealand ilikwenda mbali zaidi: kuanzia tarehe 18 Novemba 2016 kampuni za simu za huko ziliziondoa Note 7 kwenye mitandao yao kwa kutumia IMEI, yaani namba ya tarakimu 15 ambayo kila simu huzaliwa nayo na ambayo huonekana mtu akibonyeza *#06#.

Hapa ndipo Tanzania inapoingia kwa namna ambayo haijajadiliwa vya kutosha. Miezi 5 kabla ya hatua hiyo ya New Zealand, tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizima simu zote zenye IMEI bandia, baada ya wananchi kuhimizwa kwa miezi kadhaa kutuma namba hizo kwenda 15090 ili wajue kama simu zao ni halisi. Kazi hiyo ilifanyika kupitia rejesta kuu ya vifaa vya mawasiliano iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Miaka michache baadaye, kati ya Mei 2019 na Januari 2020, laini za simu zilisajiliwa upya kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa. Mambo hayo mawili yakiwekwa pamoja, mtandao unajua ni aina gani ya simu iliyo hewani na ni laini ya nani iliyomo ndani yake, bila kujali kama simu ilinunuliwa kwa risiti au ilirithiwa kutoka kwa shemeji. Lile pengo ambalo mtengenezaji hawezi kuliziba, la kutomjua mwenye simu, kwa hakika limekwisha kuzibwa kwa sababu nyingine kabisa, na ujumbe mfupi wa Kiswahili unaomwambia mwenye simu fulani asiichaji usiku ungeweza kufika Mkolani kwa dakika chache. Ni kweli kwamba matumizi ya namna hiyo yangehitaji mipaka ya kulinda taarifa binafsi. Lakini rejesta iliyotosha kumzimia mwananchi simu haiwezi kusemwa kwamba haitoshi kumwonya.

Sheria ya kuwezesha jambo hilo ipo kwa sehemu kubwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC, ina vifungu kuhusu usalama na urejeshaji wa bidhaa, na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, hufanya kazi chini ya Sheria ya Viwango ya mwaka 2009 katika kuziondoa sokoni bidhaa zisizokidhi viwango. Taasisi zote tatu, yaani TCRA, FCC na TBS, zina ofisi za Kanda ya Ziwa jijini Mwanza, hivyo mkazi wa Mkolani mwenye malalamiko hana haja ya kusafiri kwenda Dar es Salaam.

Haja ya kumtumia mwenye simu onyo la namna hiyo inazidi kuongezeka, kwa kuwa urejeshaji wa siku hizi mara nyingi hufanyika kimyakimya kupitia programu. Julai 2025 Google ilianza kupeleka mabadiliko ya lazima kwenye simu za Pixel 6a, ambayo hupunguza uwezo wa betri na kasi ya kuchaji baada ya betri kutimiza mizunguko 400 ya chaji, ili kupunguza uwezekano wa kupata moto. Wenye simu katika baadhi ya nchi walipewa nafasi ya kubadilishiwa betri bure, au kupokea fidia ya dola 100, au punguzo la dola 150 kwa ununuzi mwingine. Google haiuzi Pixel rasmi Tanzania, lakini Pixel zilizotumika huingia kwa wingi kupitia wafanyabiashara wa mtumba. Anayeimiliki hapa huona tu kwamba ghafla betri haikai, anaichukulia simu kuwa imekuwa kimeo, na kuipeleka kwa fundi, ambaye huweka betri ya kuiga isiyojulikana ilikotengenezwa. Kinga iliyowekwa na mtengenezaji huondolewa hivyo kwa nia njema kabisa, na pengine kwa hatari kubwa zaidi ya ile ya awali.

Kwa sababu hiyo fundi simu ana nafasi kubwa kuliko anayopewa katika mijadala ya usalama wa bidhaa. Yeye ndiye anayeiona betri kabla ya mwingine yeyote, anaisoma namba ya toleo iliyoandikwa mgongoni mwake, na anatambua kuvimba, ambako ni dalili ya gesi iliyozalishwa ndani baada ya kimiminika kuanza kuharibika. Betri iliyovimba haipaswi kutobolewa ili gesi itoke, wala kubanwa ili mfuniko ufunge. Simu huzimwa, haichomekwi tena kwenye chaja, na huwekwa juu ya saruji au mchanga mbali na godoro, mapazia na mafuta ya taa. Ikianza kutoa moshi, watu hutoka kwanza kuukwepa moshi, na iwapo umeme umekwisha kukatwa, maji mengi hufaa kuipoza, kwa kuwa lengo ni kulishusha joto kuliko kuuzima mwali. Mwenye simu, kwa upande wake, afanye mapema jambo linalofanana na lile ambalo Nokia ilitaka lifanyike mwaka 2007: aandike jina kamili la toleo na IMEI mahali nje ya simu yenyewe, kisha atazame tovuti ya mtengenezaji kila anaposikia uvumi kuhusu simu ya aina yake. Akiangalia toleo kwa makini ataepuka pia hofu isiyo ya lazima, kwani Note 7 iliyouzwa upya Korea Kusini Julai 2017 kwa jina la Note FE ilikuwa na betri nyingine, ndogo zaidi, na haikuhusika na hitilafu ile.

Kubaki na betri mbovu mkononi ni tatizo lenye ugumu wake. Tangu tarehe 1 Aprili 2016 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limepiga marufuku betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kubebwa kama shehena katika ndege za abiria, na betri iliyorejeshwa kwa sababu ya hitilafu haitakiwi kupelekwa kwa ndege ya aina yoyote. Ndiyo maana Samsung iliwatumia wateja wake wa Marekani masanduku yaliyokingwa dhidi ya moto, pamoja na glavu, kwa ajili ya kusafirishwa kwa barabara pekee. Kuifunga simu iliyovimba kwenye gazeti na kuikabidhi kama kifurushi katika basi la usiku kutoka Nyegezi kwenda Dar es Salaam ni kuihamishia hatari hiyo hiyo chini ya viti vya abiria. Kuitupa pamoja na taka za jikoni si afadhali, kwa sababu taka za jiji huishia katika dampo la Buhongwa, jirani kabisa na Mkolani, ambako mitambo hukandamiza na waokota vyuma huponda kwa mawe. Kanuni za mwaka 2021 kuhusu taka za umeme na kielektroniki, zinazosimamiwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, zinataka taka za aina hiyo zikusanywe kando na watu wenye kibali. Duka lililouza simu ndilo mahali pa kwanza pa kudai huduma hiyo, na duka likikataa, betri iliyozibwa ncha zake kwa utepe inaweza kusubiri ndani ya kopo la mchanga kavu, mahali pasipofikiwa na watoto, hadi apatikane mkusanyaji mwenye kibali.