Samadi na Mbolea ya Dukani: Zifanye Kazi Pamoja Kitaluni

Ndugu wanavikundi, kwenye vitalu vingi vya miche ubishi huu hauishi. Wazee husema samadi inatosha. Vijana husema bila mbolea ya dukani hakuna kitu. Kwa miche ya minazi, kila upande una nusu ya jibu.

Kwanza tuangalie udongo wetu. Sehemu nyingi za Likoni na Kisauni ni mchanga. Ukitia mbolea ya dukani peke yake, mvua ikinyesha nyingi yake huchuja kama tui kwenye kifumbu, na pesa za kikundi zimekwenda nayo. Samadi hushika maji na chakula visipotee. Kule Changamwe, penye udongo mzito, samadi huulegeza ili mizizi ipate hewa.

Pili, mizizi ya mnazi haina vile vinyweleo vya kunyonya chakula ambavyo mahindi yanavyo. Hutegemea kuvu wadogo sana wanaoishi mizizini na kuvuta chakula kutoka mbali. Mchikichi, ndugu yake mnazi, nao ni hivyo hivyo. Ukizidisha mbolea ya dukani, hasa yenye fosfati nyingi kama DAP, kuvu hao hupungua. Tena chumvi yake huunguza mizizi.

Basi fanyeni hivi:

1. Changanyeni karai 2 za udongo na 1 ya samadi iliyooza, isiyo na joto wala harufu kali. Ongezeni konzi chache za udongo wa chini ya mnazi wenye afya. Humo mna wale kuvu. Ipekueni samadi kwanza. Mkiona mafunza meupe manene, hao huenda ni watoto wa chonga, adui wa mnazi. Wapeni kuku.

2. Nazi ikianza kuchipua, msitie mbolea ya dukani. Mche bado unakula chakula kilicho ndani ya nazi.

3. Mche ukifikisha majani matatu au manne, tieni nusu kizibo cha soda cha NPK 17:17:17 kila mwezi. Izungusheni mbali kidogo na shina, fukieni, kisha mwagilieni maji.

4. Msituamini hivi hivi. Wekeni miche 10 ya samadi peke yake na 10 ya mbolea zote mbili. Baada ya miezi mitatu pimeni urefu, hesabuni majani, na muandike gharama.

Kwa nini tusumbuke hivi? Mnazi mrefu wa hapa kwetu huchukua miaka 6 au zaidi kabla ya kuzaa. Jirani akinunua mche dhaifu kwenu leo, hasara ataiona baada ya miaka hiyo yote, na jina litakaloharibika ni la kikundi. Kizibo kikijaa kupita kiasi hakiharakishi mnazi. Haba na haba hujaza kibaba.