Mshairi Aliyeandika Historia ya Vilivyopotea

Anayesoma sanaa ya Ugiriki ya kale hugundua mapema kwamba kazi ambazo Wagiriki wenyewe walizienzi zaidi hazipo tena. Picha za ukutani za Polygnotos, mchoraji aliyevuma katika karne ya 5 kabla ya Kristo, zimefutika zote. Sanamu nyingi za shaba ziliyeyushwa, na baadhi tunazijua kwa nakala tu za marumaru zilizochongwa enzi za Warumi. Vilivyosalia kwa wingi ni vyombo vya udongo, hasa vile vilivyozikwa pamoja na wafu. Martin Robertson, Mwingereza aliyezaliwa 1911 na kufariki 2004, profesa wa Oxford kuanzia 1961 hadi 1978, alikuwa msomi wa sanaa hiyo na mshairi pia; diwani yake A Hot Bath at Bedtime ilitoka 1977. Nashikilia kwamba ushairi ndio uliomwezesha kuandika juu ya pengo hilo bila kulificha.

Kitabu chake kikuu, A History of Greek Art, kilitoka 1975 katika juzuu mbili. Humo, kumzungumzia Polygnotos ni kumtegemea Pausanias, msafiri wa karne ya 2 baada ya Kristo aliyeziona picha zake Delphi na kuwataja waliochorwa mmoja mmoja, kisha kutazama chombo kilichoko katika jumba la makumbusho la Louvre ambacho watu wake wametawanyika juu na chini, kana kwamba wako mlimani, badala ya kusimama kwenye mstari mmoja. Atakayepinga atasema hapo ndipo mshairi anapokuwa hatari: mahali pasipo na picha, ulimi mtamu utaichora. Hofu hiyo ina msingi. Lakini mtu aliyezoea kupima kila neno ndiye anayejua uzito wa “labda”, na historia ya vitu vilivyopotea husimama au huanguka kwa neno hilo.

Ushahidi zaidi uko katika kitabu chake cha 1992, The Art of Vase-Painting in Classical Athens. Kabla yake msomi John Beazley, aliyetunga mashairi ujanani kisha akayaacha, alikuwa ametambua mikono ya mamia ya wachoraji wa vyombo, wengi wao wasiojulikana majina, na kupanga maelfu ya vyombo katika orodha. Orodha hizo ni hazina, ila hazisomeki kama hadithi. Robertson, aliyekwisha kutimiza miaka 80, alizigeuza simulizi: nani alijifunza kwa nani, mtindo gani ulizaliwa na upi ukachakaa.

Lakini wanaakiolojia Michael Vickers na David Gill walidai mwaka 1994 kwamba vyombo hivyo vilikuwa bidhaa rahisi zilizoiga vya fedha, hivyo tunavitukuza kupita kiasi. Kuhusu bei wana hoja. Hata hivyo, bei haituambii mkono ulifanya nini. Kwenye chombo kimoja kilichoko Berlin, mungu Hermes na satiri, kiumbe nusu mtu nusu mnyama, wamesimama wakipishana, mwanapaa kati yao. Hawana fremu wala mandhari. Mchoraji alipaka rangi nyeusi kuwazunguka, akaacha miili yao kuwa udongo mtupu, na misuli aliichora kwa mistari myembamba. Ubora wa kazi hiyo umo katika kile alichoamua kutokichora, na mshairi aliyezoea kufuta maneno hahitaji kufundishwa kukiona.