Kipushi hadi Kundelungu: maporomoko ya Lofoi yangali yanangoja wageni wa nyumbani

Kipushi, mji wa mgodi ulio kilometa 30 hivi kutoka Lubumbashi, kwenye mpaka wa Zambia, unajulikana kwa kile kilicho chini ya ardhi. Watoto wa huko hukua wakiona mnara wa shimo namba 5, linaloshuka zaidi ya mita 1,200. Mgodi ulifungwa mwaka 1993, ukalala miaka 30, na mwaka 2024 ukaanza tena kutoa zinki. Kuhusu wanyama wa pori wanajua kidogo. Anayetaka kumwonyesha mtoto wake simba humpeleka kwenye bustani ya wanyama ya Lubumbashi, hununua tiketi, humwona nyuma ya vyuma, na jioni wanarudi nyumbani.

Lakini jimbo hilohilo la Haut-Katanga lina mbuga mbili za taifa. Upemba iliundwa mwaka 1939, wakati wa Wabelgiji. Kundelungu mwaka 1970, chini ya utawala wa Mobutu. Zote mbili ziko chini ya ICCN, taasisi ya serikali inayolinda viumbe. Kwa mtu wa Kipushi, iliyo jirani zaidi ni Kundelungu, upande wa kaskazini-mashariki wa Lubumbashi, kati ya mito Lufira na Luapula.

Kinachowavuta watu huko si wanyama kwanza. Ni maji. Mto Lofoi unatembea polepole juu ya uwanda wenye nyasi, halafu ardhi inakwisha ghafla na maji yanaanguka zaidi ya mita 340 kwa mruko mmoja, kuelekea bonde la Lufira. Hiyo ni mara tatu ya urefu wa Mosi-oa-Tunya, yale maporomoko ya Zambia ambayo Walushois wengi wenye uwezo huvuka mpaka na kulipa dola kwenda kuyaona. Lofoi haina upana wala ngurumo ya Zambezi, hilo lisemwe wazi. Ni uzi mweupe kwenye ukuta wa jiwe. Kwa kusimama ukingoni na kusikia miguu ikilegea, hata hivyo, inatosha kabisa.

Wakati wa kwenda unahitaji hesabu. Masika barabara inageuka tope, na motokari isiyo na nguvu kwenye magurudumu yote manne haifiki. Kiangazi kikikolea, kufikia mwezi wa nane na wa tisa, barabara ni nzuri lakini mto umepungua sana, na aliyekuja kuona maporomoko anaweza kukuta machozi. Afadhali mwezi wa tano na wa sita: mvua zimekwisha, maji bado yapo, nyasi hazijachomwa. Usiku juu ya uwanda ni baridi kali, kwa hiyo blanketi si anasa. Msafiri hupita kwanza ofisi ya ICCN mjini Lubumbashi kuomba ruhusa na kuuliza hali ya njia. Mafuta ya gari, maji, hema na unga wa bukari hubebwa kutoka mjini. Asitegemee kuvipata njiani.

Wanyama ndio wenye historia ya uchungu. Zamani makundi ya punda milia yalilisha juu ya uwanda wa Kundelungu. Leo punda milia wa mwisho wa Kongo yote wako Upemba, na ni wachache. Tembo pia wamebaki kidogo. Mbuga hizi mbili zinapakana na maeneo yaliyoteswa na vita: Mitwaba ni moja ya pembe za ile iliyoitwa pembetatu ya mauti, pamoja na Manono na Pweto, ambako Maï-Maï walichoma vijiji na watu kukimbilia msituni. Mwenye bunduki na njaa hula nyama ya pori. Walinzi wa mbuga nao wamekufa wakiwa kazini. Rodrigue Katembo, aliyewahi kuwa askari mtoto, kisha mlinzi Virunga, kabla ya kupewa uongozi wa Upemba, alipata tuzo ya kimataifa ya Goldman mwaka 2017. Alikuwa amekamatwa na kuteswa mwaka 2013 kwa sababu ya kupinga utafutaji wa petroli Virunga.

Sasa mvutano umehamia kwenye mto. Juu ya Lufira, katika ukanda unaounganisha Upemba na Kundelungu, kuna mradi wa bwawa la umeme la Sombwe, wa zaidi ya megawati 150. Makampuni ya migodi yana kiu ya umeme, na Kipushi inajua vizuri maana ya mgodi kusimama. Mashirika ya mazingira yanasema bwawa litafunga njia za wanyama na kugusa samaki ambao wavuvi wa bonde la Upemba wanaishi kwao. Kila upande una sababu yake. Kinachokosekana kwenye mabishano hayo ni watu wa mji waliowahi kuiona sehemu yenyewe. Ni vigumu kumwomba mtu alilie bonde ambalo hajawahi kulikanyaga, na mbuga isiyo na wageni haina wa kuisemea.

Kuna pia jambo dogo ambalo kila jikoni inalihusu. Umeme ukikatika, Lubumbashi na Kipushi hupika kwa makala. Miti ya miombo iliyokuwa karibu na mji imekwisha, na wachomaji wanasogea mbali kila mwaka. Anayerudi kutoka Kundelungu hukutana nao kwenye barabara ileile: vijana wanasukuma baiskeli zenye magunia marefu kuliko wao, vichwa chini, kuelekea mjini, na malori yanayowapita yamejaa magunia yaleyale.