Mali Bila Daftari: Uendeshaji wa Chama cha Wakulima Wenye Ploti za Kugawiwa



Katika mkoa wetu vipo vyama na vikundi ambavyo wanachama wake hulima ploti ndogo zilizopimwa ndani ya eneo moja, wakitumia mfereji mmoja na njia moja. Wengine hulima mpunga katika tambarare iliyo chini ya mji wa Moshi. Wengine hulima nyanya, vitunguu na mboga za majani kando ya mifongo. Vihamba vya milimani vimegawanywa kwa watoto na wajukuu hata vimekuwa vidogo mno, na kwa jamaa nyingi ploti ya namna hii ndiyo tegemeo la chakula na ada za shule. Kwa hiyo swali la nani apewe ploti, na nani anyang'anywe, ni swali la maisha ya watu.

Makala haya yanaeleza jinsi chama cha namna hii kinavyopaswa kuongozwa. Jambo kuu ni hili: ploti, zamu ya maji na fedha hapana budi viandikwe katika daftari ambalo kila mwanachama ana haki ya kuliona, na kanuni za ugawaji zitungwe na Mkutano Mkuu. Pasipo hayo, chama huwa mali ya wale wenye kauli tu.

MAFUNZO KUTOKA KWA WAZEE

Ushirika wa maji ulikuwapo Kilimanjaro kabla ya ushirika wa kahawa. Kilimanjaro Native Planters Association ilianzishwa mwaka 1925, na KNCU ikafuata mwaka 1933. Lakini mifongo ilikwisha chimbwa na koo mbalimbali miaka mingi kabla ya hapo. Kila mfongo ulikuwa na mzee wake, zamu zake na siku zake za kazi. Asiyefika kusafisha mfongo alitozwa faini au alikosa zamu yake ya maji.

Wazee hao hawakuwa na daftari, nao waliweza, kwa kuwa watumiaji walikuwa wachache, wa ukoo mmoja au majirani, na kila mmoja alijua haki ya mwenzake. Leo katika chama kimoja wamo watu wa vijiji mbalimbali, wapangaji, wajane, na vijana waliozaliwa mjini. Kumbukumbu ya kichwani haitoshi tena. Aidha, desturi ile iliwaweka wanawake kando katika mambo ya mfongo, hali leo wao ndio wafanyao sehemu kubwa ya kazi shambani. Yatupasa tushike nidhamu ya wazee, tuache ubaguzi huo.

MFANO WA TAMBARARE YA MOSHI

Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987, ulipanga kiasi cha hekta 1,100 za mpunga katika vijiji kama Mabogini na Chekereni. Mashamba yalisawazishwa na kukatwa upya kuwa ploti za meta 30 kwa 100, yaani hekta 0.3 kila moja. Mbegu ya IR54, pamoja na mbolea na kupandikiza kwa mistari, iliongeza mavuno kutoka tani 2 hivi hata kufikia tani 6 kwa hekta. Baadaye wakulima wenyewe waliunda Chama cha Wakulima wa Mpunga, yaani CHAWAMPU.

Mafanikio hayo yalileta tatizo lake. Wakulima wa sehemu za juu za mito ya Rau na Njoro, walipoona faida ya mpunga, nao walifungua majaruba yao kwa maji yale yale. Maji yaliyofika katika mradi yalipungua, na ploti nyingi za chini hazikuweza kulimwa kila msimu. Funzo lake ni kwamba kanuni za chama humfunga mwanachama tu. Hazimfungi jirani aliye juu ya mto. Kwa sababu hiyo, pamoja na kupanga zamu ndani ya chama, yafaa chama kiwe na kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, na kiungane na wenzake katika jumuiya ya watumia maji kama Sheria ya mwaka 2009 inavyoruhusu.

NANI ANA MADARAKA GANI

Mkutano Mkuu wa Wanachama ndio wenye mamlaka ya juu. Hutunga na kurekebisha masharti, ambayo huanza kutumika yakisha kusajiliwa na Mrajis, huchagua Bodi, hupitisha makisio ya mapato na matumizi pamoja na ukomo wa madeni. Kila mwanachama ana kura moja, awe na ploti moja au tatu, awe na hisa chache au nyingi.

Bodi husimamia utekelezaji wa yale yaliyoamuliwa. Haina ruhusa ya kumpa mtu ploti nje ya utaratibu, hata akiwa mjumbe wake.

Katibu au meneja hutunza vitabu na kutekeleza kazi za kila siku. Yeye huandika ugawaji, hagawi.

Wajumbe wa mifereji huchaguliwa na wakulima wa kila mfereji. Hawa husimamia zamu ya maji na siku za kazi, na kupeleka taarifa kwa katibu. Si vema mtu mmoja awe mjumbe wa mfereji na pia mpokeaji wa fedha.

DAFTARI LA PLOTI

Daftari la wanachama kila chama kinalo kwa mujibu wa sheria. Lakini chama chenye ploti kinahitaji pia daftari la ploti, ambalo kila ploti ina ukurasa wake. Ukurasa huo uoneshe: nambari ya ploti na ukubwa wake, mfereji wake, jina la mwenye haki na nambari yake ya uanachama, jina la anayeilima msimu huu, kama si yeye, tarehe ya kupewa na nambari ya muhtasari wa kikao, ada iliyolipwa na deni, na mtu aliyeteuliwa kushika nafasi mwanachama akifariki.

Daftari lisomwe hadharani mara moja kwa mwaka, ploti kwa ploti, na ramani ya eneo ibandikwe ofisini. Kazi hiyo huchukua nusu siku tu, na huzuia kesi nyingi.

KUGAWA NA KUNYANG'ANYA

Ploti ikiwa wazi, apewe aliye wa kwanza katika orodha ya waombaji, ambayo nayo ibandikwe ukutani. Masharti yataje idadi ya juu ya ploti kwa jamaa moja. Mwenye ploti asiyelima apewe onyo la maandishi, kisha muda wa kujitetea mbele ya Bodi, na haki ya kukata rufani katika Mkutano Mkuu. Mgonjwa na aliyefiwa wasihesabiwe kuwa wavivu.

Kukodisha kwa siri ndiko kunakoharibu zaidi. Mwanachama anayeishi mbali humkodisha mtu, naye humkodisha mwingine, na ada ya maji haijulikani ni ya nani. Nchi nyingine nazo zimelitazama jambo hili. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1908 ya ploti za bustani ilimkataza mpangaji kuikodisha ploti kwa mwingine. Ujerumani, sheria ya mwaka 1983 ilisema bustani ya namna hiyo isizidi meta 400 za mraba na isifanywe makazi ya kudumu. Ikiwa ardhi ni ya chama, nasi tunaweza kukataza kabisa. Ikiwa ardhi ni ya mkulima mwenyewe na chama kinasimamia maji tu, hatuwezi kumkataza. Lakini tunaweza kutaka ukodishaji wote uandikwe, na maji yasifunguliwe kwa mtu asiyeandikwa.

MWANACHAMA AKIFARIKI

Tuseme mwenye ploti Na. 17 amefariki, na mpunga uliopandikizwa na mkewe una mwezi mmoja. Shemeji anafika ofisini kudai ploti ni ya ukoo. Katibu asiye na daftari huanza kuuliza majirani, na anayesema kwa sauti kubwa hushinda. Katibu mwenye daftari hufungua ukurasa wa 17 na kusoma jina la aliyeteuliwa. Masharti yaseme wazi kwamba mazao yaliyomo shambani ni ya aliyeyatunza, na kwamba hapana ploti itakayohamishwa kabla ya msimu kwisha. Tukumbuke pia kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamtambua mwanamke kuwa na haki ya ardhi sawa na mwanamume.

FEDHA ZA MAJI NA MATENGENEZO

Tuseme chama kina ploti 80, na ada ya msimu ni Sh. 40,000 kwa ploti. Kinachotakiwa ni Sh. 3,200,000. Waliolipa ni wenye ploti 50, yaani Sh. 2,000,000. Taarifa isemayo "tumekusanya milioni mbili" ni ya kweli, lakini inaficha jambo. Taarifa kamili huonesha mistari mitatu: kilichotakiwa, kilichokusanywa, na deni la Sh. 1,200,000 pamoja na nambari za ploti 30 zinazodaiwa. Mkaguzi wa COASCO atauliza hayo. Ni afadhali wanachama wayaulize kwanza. Na ikiwa miongoni mwa hizo 30 zimo ploti za wajumbe wa Bodi, zisomwe pamoja na nyingine.

Ndugu Wanachama, wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari halizidishi maji mtoni wala halinyeshi mvua. Lakini humwezesha mjane, kijana na mgeni kusimama ofisini na kudai haki yake bila kumjua mkubwa yeyote. Hiyo ndiyo maana ya ushirika.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKAO

1. Je, kila ploti ya chama chetu ina ukurasa wake katika daftari? Ni lini lilisomwa hadharani mara ya mwisho?
2. Ni ploti ngapi zinalimwa na watu wasio wenye haki, na ada zao hulipwa na nani?
3. Masharti yetu yanasema nini mwanachama akifariki katikati ya msimu?
4. Nani hutumia maji ya mto wetu juu ya mfereji wetu, nasi tumekaa naye kikao lini?

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika
Moshi