Orodha moja, printa moja

Wandugu wa koperative, hapa Butembo na Beni kilo za kahawa na kakao siku hizi zinaandikwa kwenye kompyuta. Shida ni flashi: mwenye kupima ana orodha yake, mwenye kulipa ana ingine, na mkulima ndiye anapoteza kilo. Unganisheni kompyuta za ofisi kwenye ruta moja, intaneti haihitajiki. Orodha ikae kwenye kompyuta moja, yenye neno la siri: mwenye kupima aandike, wengine wasome tu. Printa iliyofungwa hapo itachapia wote, mradi kompyuta hiyo iwe imewashwa. Kila jioni toeni kopi, ju umeme ukikatika faili linaweza kuharibika. Siku ya malipo, mkulima aombe karatasi yake, ailinganishe na risiti ya mzani.